Kibali kama Hisani na Kibali kama Hati: Maelezo kwa Mwanafunzi wa Masisi na Walikale Asomaye Ugenini

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza neno moja, nalo ni kibali, pamoja na matumizi yake mawili yanayogongana katika fikra za mwanafunzi atokaye Masisi au Walikale na kwenda kusoma Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Huenda msomaji akauliza: masuala ya kazi na uhamiaji yana mahali gani katika jarida la taaluma za Kiswahili? Jibu letu ni kwamba mwanafunzi anaweza kupotea katika maana ya neno kabla hajapotea katika sheria yenyewe. Anayedhani kwamba kibali ni fadhila ya mkubwa humtafuta mkubwa. Anayejua kwamba kibali ni hati yenye masharti huyatafuta masharti. Wote wawili hutumia neno lile lile, lakini hawafiki mahali pamoja.

Masisi na Walikale ni mbili kati ya teritwari sita za jimbo la Kivu ya Kaskazini. Humo Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo na Kikumu husemwa nyumbani, na Kiswahili huwaunganisha watu sokoni, kanisani na barabarani. Vijana wa huko wamekuwa wakivuka mpaka kwenda kusoma kwa miaka mingi. Vita vya karibuni vimeongeza uzito wa safari hiyo. Mwanzoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi-Centre, na mwishoni mwa mwezi huo wakauteka mji wa Goma. Mwezi wa Machi waliingia Walikale-Centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Goma ilipoanguka, mabenki yalifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mzazi aliyekuwa akimtumia mwanawe karo kutoka Goma akajikuta hana njia aliyoizoea, na mwana akajikuta ugenini akiwaza kazi. Hapo ndipo swali la kibali linapoacha kuwa la kamusi peke yake.

2.0 Neno na maana zake

2.1 Kibali cha hisani

Neno kibali lina mnasaba na kitenzi kubali, chenye asili ya Kiarabu. Katika Kiswahili cha kanisani, ambacho kimeenea sana Kivu, kupata kibali ni kupendelewa, kukubalika machoni pa Mungu au pa mtu mwenye uwezo. Mtu husema, "Amepata kibali kwa mkubwa wake," akiwa na maana kwamba mkubwa huyo amempenda na amemfungulia njia. Kibali cha namna hii kina sifa tatu. Kwanza, mtoaji wake ni mtu, wala si ofisi. Pili, hakidaiwi, hupokewa tu, kwa shukrani. Tatu, hakina tarehe ya kuanza wala ya kwisha, hakina daraja, na hakiandikwi.

2.2 Kibali cha hati

Katika Kiswahili cha ofisi, hasa cha Tanzania, neno hili limechukua maana nyingine: kibali cha ujenzi, kibali cha ukaazi, kibali cha kazi. Hapa sifa zote tatu zinageuka. Mtoaji ni ofisi iliyopewa mamlaka na sheria, na afisa anayetia sahihi hatoi kilicho chake. Mwombaji hutimiza masharti, kisha ana haki ya kupewa jibu. Na hati yenyewe ina jina la mtu, aina ya shughuli, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma.

Wanaisimu huiita hali hii polisemia, yaani neno moja kubeba maana kadhaa zenye uhusiano. Polisemia haina ubaya wowote pale ambapo muktadha hutenganisha maana. Tatizo la Kivu ni kwamba maana ya pili haikukaa. Mambo ya ofisi kwetu husemwa kwa maneno ya Kifaransa: visa, karte, otorizasyo. Neno kibali likabaki upande wa neema. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekulia Nyabiondo au Mubi akiambiwa ugenini, "Nenda ukatafute kibali," husikia neno alilolizoea, naye humtafuta mtu. Hapo dalali humpata kwa urahisi, kwa sababu biashara ya dalali ni kuuza hisani mahali ambapo sheria imeweka utaratibu.

2.3 Maneno jirani

Inafaa tuyatenganishe maneno manne yanayokaa karibu na kibali.

Ruhusa ni pana kuliko yote. Yaweza kutolewa kwa mdomo. Mkuu wa idara akimwambia mwanafunzi, "Nimekuruhusu kusaidia katika maktaba," amempa ruhusa ya chuo. Hajampa kibali cha kazi, kwa kuwa hana uwezo wa kukitoa.

Pasi ni hati ya muda inayomruhusu mgeni kuwapo nchini kwa shughuli moja iliyotajwa. Kenya na Uganda humpa mwanafunzi wa kigeni pasi ya mwanafunzi.

Kibali cha ukaazi ni hati ya kuishi nchini. Tanzania hukigawa katika madaraja A, B na C, na mwanafunzi huwekwa katika daraja C. Kwa hiyo mtu yule yule, akisoma somo lile lile, ana pasi akiwa Nairobi na kibali cha ukaazi akiwa Dar es Salaam. Tofauti iko katika jina la hati. Hali yake ya uanafunzi ni ile ile.

Visa, hatimaye, ni idhini ya kuingia. Kenya iliondoa sharti la visa kwa raia wa Kongo mwezi wa Septemba 2023, na Uganda ikafanya hivyo kuanzia Januari 2024. Habari hizo zilipokewa kwa furaha, na ni haki. Lakini kuondolewa visa ni kufunguliwa mlango wa nyumba. Hakusemi lolote juu ya kufanya kazi ndani yake.

3.0 Wakati wa masomo

3.1 Kusoma si kuajiriwa

Kanuni ya kwanza ni nyepesi kuisema: hati ya kusoma huruhusu kusoma. Sheria za uhamiaji za nchi jirani hazitazami mshahara wa kila mwezi peke yake. Huhesabu pamoja ajira, biashara na kazi ya taaluma. Kijana anayeuza vitenge bwenini au anayefundisha Kifaransa jioni huenda kwa mazoea ya kwetu asijione kuwa "ana kazi", maana Kivu "kuwa na kazi" ni kuwa na mwajiri. Mbele ya sheria anaweza kuhesabiwa kuwa nayo. Nchini Kenya, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 imeweka kwa makosa ya aina hii faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Adhabu ya namna hiyo yaweza kumkatisha masomo mtu aliyebakiza muhula mmoja.

Tanzania imetenganisha mambo haya waziwazi zaidi. Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Ni ofisi mbili na hati mbili. Mwenye moja hana nyingine mpaka aiombe.

3.2 Staji

Neno la pili linaloleta utata ni staji. Kwa mwanafunzi wa Kongo staji ni sehemu ya masomo: hupewa alama, huandikiwa ripoti, na kwa kawaida hailipwi. Tanzania huiita mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi huona kwamba kwa kuwa staji ni somo, hati yake ya kusoma inatosha. Pengine inatosha, pengine haitoshi. Kenya, kwa mfano, ina pasi ya pekee kwa wanaokuja kwa mafunzo kazini. Jambo la kupima si kama staji inalipwa, bali ni kama imo katika mtalaa na kama chuo kimeithibitisha kwa barua. Barua hiyo ipatikane kabla ya siku ya kwanza, wala si baada ya mkaguzi kufika.

3.3 Mwanafunzi wa kubadilishana

Mwanafunzi wa kubadilishana ana hali yake peke yake. Amesajiliwa nyumbani, naye anakaa chuo cha ugenini kwa muhula mmoja au miwili. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki limekuwa likihimiza mabadilishano haya, na mwezi wa Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza, mjini Dar es Salaam, eneo la pamoja la elimu ya juu. Hata hivyo hati ya mwanafunzi huyu hufuata muda wa mabadilishano. Muhula ukiisha, sababu ya hati imekwisha. Hawezi kuigeuza kuwa hati ya kutafutia ajira kwa kukaa tu, hata kama amekwisha kupata mwajiri mwema.

3.4 Kulinganisha na kwingineko

Nchi nyingi za Ulaya na Amerika zimechagua njia ya kupima saa. Ubelgiji humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ufaransa huhesabu kwa mwaka, saa 964. Kanada iliweka saa 24 kwa wiki mwezi wa Novemba 2024. Marekani huruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo. Baada ya masomo, mwenye viza ya mwanafunzi wa kawaida huko Marekani anaweza kuomba miezi 12 ya mafunzo ya kazi katika fani yake, na mwenye viza ya kubadilishana kwa kawaida hadi miezi 18. Lakini baadhi ya hao wa kubadilishana hufungwa na sharti la kurudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu.

Tunataja mifano hii kwa sababu wanafunzi wetu huisikia kutoka kwa ndugu walioko Brussels au Montréal, kisha huihamishia Kampala. Itifaki ya Afrika Mashariki haikuweka kipimo cha saa kwa mwanafunzi. Asemaye, "Hata hapa saa 20 zinaruhusiwa," amechukua sheria ya nchi moja na kuivalisha nyingine.

4.0 Baada ya masomo

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huo. Jumuiya ina Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa sahihi Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu cha 10 cha Itifaki hiyo kinahusu uhuru wa wafanyakazi kuhama: kuomba kazi katika nchi nyingine mwanachama, kupokea nafasi, kufunga mkataba na kukaa huko kwa ajili ya kazi.

Wasomaji wengi huishia hapo, wakaamini kwamba kibali kimefutwa. Hakikufutwa. Kanuni zilizoambatishwa na Itifaki zinaeleza utaratibu wake, nao kwa muhtasari ni huu. Mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 huomba kibali cha kazi katika muda wa siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba. Ofisi husika inatakiwa kukitoa katika muda wa siku 30. Kibali cha kwanza huweza kufika miaka miwili, nacho huweza kuongezwa. Kwa kazi ya muda mfupi ipo pasi maalumu.

Tuangalie mpangilio wa hatua hizi, kwa maana humo ndimo maana ya hati inapoonekana. Mkataba hutangulia, kibali hufuata. Mtu hapewi kibali cha kuzunguka akitafuta kazi yoyote. Hupewa kibali cha kazi hii, kwa mwajiri huyu, kwa muda huu. Dalali anayeuza "kibali cha kazi" kwa kijana asiye na mkataba anauza kitu ambacho utaratibu huu haukijui.

Mipaka mitatu inafaa kukumbukwa. Mosi, Itifaki haikufungua utumishi wa serikali, isipokuwa pale sheria ya nchi inaporuhusu. Pili, kila nchi iliambatisha jedwali la aina za wafanyakazi itakaowapokea, na majedwali hayo hayafanani. Tatu, nchi kadhaa, Kenya na Rwanda zikiwamo, zimeondoa ada ya kibali cha kazi kwa raia wa Jumuiya. Lakini kuondolewa ada si kuondolewa kibali. Asiyelipa bado huomba.

Lipo na suala la shahada. Kifungu cha 11 cha Itifaki kinahusu kutambuana kwa vyeti vya masomo na vya taaluma. Kwa mtu wa Kongo jambo hili lina ugumu wake. Zamani graduat ilikuwa ya miaka mitatu na licence ilikuja baada yake kwa miaka miwili. Mfumo mpya uitwao LMD, ulioenezwa katika vyuo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umeifanya licence kuwa shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Neno ni lile lile, uzito si ule ule. Mwajiri wa Nairobi anayeiona licence hawezi kujua ni ipi. Mhitimu na aambatishe maelezo ya chuo yanayotaja mfumo na idadi ya miaka, asingoje kuulizwa.

5.0 Mlango wa mkimbizi

Mpaka sasa tumemzungumzia mwanafunzi aliyevuka kwa pasipoti. Lakini wengi wa Masisi na Walikale hawakuvuka hivyo. Walipitia Bunagana wakimbia risasi, wakapokewa Nyakabande katika wilaya ya Kisoro, wakapelekwa Rwamwanja, Kyaka II, Kyangwali au Nakivale. Wengine wameingia chuo kikuu wakiwa huko, baadhi kwa ufadhili wa DAFI, ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi limekuwa likiutoa tangu 1992. Hawa mlango wao ni mwingine.

Mkataba wa Geneva wa 1951, katika kifungu cha 17, unashughulikia haki ya mkimbizi ya kuajiriwa kwa mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamtambulia mkimbizi haki ya kupata nafasi za ajira na kufanya kazi ya kumpa riziki. Kenya, kwa upande wake, ina kibali cha daraja M kwa ajili ya wakimbizi. Kwa hiyo mwanafunzi mkimbizi na mwanafunzi mwenye pasi, wanaokaa dawati moja na kutoka kijiji kimoja, wanaweza kuwa na haki tofauti za kazi. Ushauri wa mmoja usiwe dawa ya mwingine.

Hapa pana hatari ambayo hutajwa mara chache. Mkataba wa 1951 unasema kwamba hadhi ya ukimbizi huweza kukoma mtu anapojirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi ya uraia wake. Kuomba pasipoti ya taifa kunaweza kusomwa kuwa dalili ya jambo hilo. Tuchukue mfano wa kubuni: msichana aliyesajiliwa kuwa mkimbizi Rwamwanja anapata nafasi ya kubadilishana Nairobi, anaambiwa kwamba pasi ya mwanafunzi hudai pasipoti, naye anakwenda ubalozini kuiomba. Nia yake ni masomo tu. Hata hivyo hati moja sasa inasema kwamba hawezi kutegemea ulinzi wa Kongo, na nyingine inasema kwamba anautegemea. Kabla ya kupiga hatua ya namna hiyo inampasa kuuliza ofisi iliyomsajili, ambayo Uganda ni Ofisi ya Waziri Mkuu, na kuuliza kama ipo hati ya kusafiria ya wakimbizi.

Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 imeliona jambo hili na kulisema waziwazi: mkimbizi atokaye nchi mwanachama wa Jumuiya anaweza, kwa hiari, kuiacha hadhi ya ukimbizi ili afaidi haki zitokanazo na Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja. Kwa Mkongomani huu ni uchaguzi wa kweli. Upande mmoja kuna ulinzi wa kutorudishwa kwenye hatari, na upande wa pili kuna haki za raia wa Jumuiya. Neno "kwa hiari" lina uzito wote hapo. Mtu asiyeelewa anachokiacha hakuchagua.

6.0 Upande wetu wa mpaka

Ingekuwa si haki kuzungumzia sheria za majirani tukanyamazia yetu. Kongo nayo hulinda kazi kwa raia wake. Amri ya Rais ya tarehe 6 Juni 1974 ilihusu ulinzi wa wafanyakazi wa taifa dhidi ya ushindani wa wageni, na Sheria ya Kazi ya 2002 inaendeleza msimamo huo. Mgeni huhitaji karte ya kazi, na maombi yake huchunguzwa na Tume ya Taifa ya Ajira za Wageni. Mwanafunzi kutoka Arusha au Mbarara anayekuja kwa mabadilishano, kisha akatamani nafasi katika mgodi wa bati wa Bisie huko Walikale, atakutana na tofauti ile ile: hati yake ya kusoma haimpi kazi.

Jina la hati hiyo lina somo kwetu. Tunasema karte ya kazi, na hakuna anayedhani kwamba karte ni upendeleo. Karte ni kitu kinachoshikika, chenye picha na tarehe. Kama neno kibali lingesikika Kivu kwa uzito huo huo, mengi tuliyoyaeleza hapo juu yasingehitaji makala.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba neno kibali lina maana mbili ambazo Kiswahili cha Kivu hakijazitenga, na kwamba mkanganyiko huo humgharimu mwanafunzi fedha, muda na pengine masomo yenyewe. Hatupendekezi kuifuta maana ya kanisani. Ni maana nzuri na ina kazi yake. Tunachopendekeza ni kwamba maana ya pili ifundishwe.

Idara zetu za Kiswahili zinaweza kuanza na jambo dogo: ukurasa mmoja wa istilahi, katika Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, atakaopewa kila mwanafunzi anayekwenda ng'ambo ya mpaka. Ukurasa huo utaje pasi, visa, kibali cha ukaazi, kibali cha kazi, staji na hadhi ya ukimbizi, na mbele ya kila neno uandike mambo manne: nani hukitoa, kwa sharti gani, kwa shughuli ipi, na mpaka lini. Mwanafunzi awezaye kujibu maswali hayo manne kuhusu hati aliyo nayo mkononi ana silaha ya kutosha mbele ya dalali. Na mwalimu anayemwandikia barua ya utambulisho ayajibu maswali hayo hayo kabla ya kutia sahihi.